Bilauri ya Afande Odyek

Wiki jana tulimwacha Afande Odyek na bilauri ya maji mdomoni, na nyinyi wasomaji wangu hamkunipa raha siku zote saba. Bwana mmoja wa Kibuli ameandika kwamba nikimwua yule mzee atahamia gazeti jingine. Mama mmoja wa Kyambogo ameuliza ni mwandishi gani mwenye adabu anayemning'iniza mtu mzima hivyo. Mama, ukurasa uliisha. Leo ukurasa upo, tuingie kazini kabla mzee hajameza.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili saluni, mambo ni haya. Tuko Kyebando, Jumamosi, saa sita kasorobo mchana, katika ua wa Safu ya Nne, nyumba arobaini za polisi wastaafu. Wamevuta bomba lao wenyewe kutoka barabarani hadi katikati ya ua, na leo ndiyo sherehe ya kulizindua. Juu ya bomba imebandikwa karatasi: MAJI HAYA NI SALAMA. Sahihi iliyo chini yake ni ya Juliet Acayo, mpimaji wa maji, binti wa humu humu uani.

Acayo ameketi mstari wa mbele na baba yake, Inspekta mstaafu Ojera, mzee ambaye viatu vyake vinang'aa hata msimu wa mvua. Na ni huyo baba aliyemwinamia binti yake sikioni, akiwa na fahari tele, akamwambia maneno yaliyotufikisha mwisho wa wiki jana.

"Hizo chupa zako za kazi zilikuwa chafu, mwanangu. Unga mweupe ndani, yote! Mimi nilisuuza zote mara tatu kabla uende kupima. Usitembee na chupa chafu kama kuruti."

Uso wa Acayo ukageuka.

Ule unga haukuwa uchafu. Ule unga ni dawa. Maabara huuweka makusudi ndani ya kila chupa ili maji yakiingia, klorini iliyomo ikatwe makali hapo hapo, na wadudu kama wapo wafike maabara wakiwa hai na kuhesabiwa. Ukiuosha, klorini inaendelea kuwaua njiani, juu ya bodaboda, hadi maabara kule Kyambogo. Chupa inafika haina mdudu hata mmoja, mpimaji anafurahi, anatia sahihi.

Kwa hiyo ile karatasi juu ya bomba ilikuwa uongo. Uongo wa bahati mbaya, lakini uongo wenye muhuri.

Na Afande Odyek, mwenyekiti wa ua, alikuwa anainua kidevu.

"Mimi nimekunywa maji ya mabwawa na ng'ombe wakiwa ndani!" alikuwa amewatangazia watu dakika moja kabla. "Sasa hii ya bomba, iko na cheti, itanifanya nini?"

Acayo aliruka kiti, akaruka zulia jekundu, akaruka na miguu ya kasisi aliyekuwa anasinzia, akaipiga ile bilauri kwa kiganja.

Pwaa!

Bilauri ikapasuka sakafuni. Maji yakamwagikia medali za Afande, tai ya Afande, na mahali pengine pa Afande ambapo kasisi asingependa nipataje.

Halafu sauti kutoka nyuma ikapiga kelele, "Sumu!"

Sasa fikiria jambo hili, msomaji. Watu wa kawaida wakisikia neno hilo wanakimbia. Hawa walikuwa polisi arobaini waliokaa miaka bila uhalifu wowote wa kushughulikia isipokuwa kuku wa jirani. Nyuso zao ziling'aa. Walikuwa wamengoja siku hii tangu wakabidhi magwanda.

"Funga geti!"

"Hakuna mtu kutoka!"

"Usikanyage ushahidi, wewe mwenye sandali!"

Filimbi tano zililia kwa mpigo. Sijui kwa nini watu watano walikuja kwenye sherehe ya bomba na filimbi mfukoni, lakini walikuja nazo. Na katikati ya vurugu hiyo akatokea Abwola, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, mpelelezi wa zamani ambaye wezi wa Kyebando bado wanamwamkia kwa woga. Akachukua unga wa mahindi kutoka kwa wapishi, akachora duara kuzunguka vipande vya bilauri, akavaa glavu.

"Wewe," akamwambia Acayo. "Jina?"

"Auntie, si unanijua tangu nizaliwe?"

"Jina."

"Juliet Acayo."

"Kwa nini ulimpiga mwenyekiti?"

"Mimi sikumpiga mwenyekiti. Nilipiga bilauri."

"Bilauri ilikuwa mkono ya nani?"

"Ya mwenyekiti."

Abwola akaandika kwenye daftari. Wastaafu wengine kumi na moja nao wakaandika kwenye madaftari yao.

"Auntie, sikiliza. Kipimo yangu iliharibika. Hii maji sijui kama ni salama. Watu wasikunywe mpaka nipime tena, basi."

"Iliharibika namna gani?"

Acayo akafungua mdomo, kisha akamwona baba yake. Mzee Ojera alikuwa ameketi wima, mikono magotini, akimtazama binti yake kwa wasiwasi. Bado hajaelewa. Miaka thelathini na moja katika jeshi la polisi na faili lake halina doa hata moja. Hajapata kuchelewa, hajapata kupoteza kifungo. Mkewe alipokuwa hai alisema Ojera ataosha hata sabuni akiona ina vumbi. Usafi ndio uliokuwa jina lake, na binti yake angelivunja jina hilo mbele ya watu wote waliomheshimu.

Hakuweza. Nakwambia kweli, hata mimi ningeshindwa.

"Iliharibika tu," akasema.

"Nani aliharibu?"

Acayo akageuza uso.

Abwola akafunga daftari polepole. "Anaficha mtu," akawaambia wenzake. "Mtu wake wa karibu."

Nyuso arobaini zikageuka upande mmoja, upande wa meza ya vinywaji. Pale alisimama Oduor.

Oduor ni kijana wa Kisumu, mrefu, mcheshi, anayeuza maji ya kuchujwa kwenye mitungi ya lita ishirini. Duka lake limepakana na ua huu, ukuta kwa ukuta. Leo ameleta mitungi kumi bure kabisa, kwa kuwa bomba lilikuwa haliguswi mpaka mwenyekiti anywe wa kwanza, na tangu saa tatu asubuhi, kwa joto lile, ua mzima ulikuwa unakunywa kwake. Mwezi ujao wazee wake wanakuja kuketi na Mzee Ojera kuhusu Acayo. Ndiyo, huyo ndiye. Wasomaji wa kike waliokuwa wakiniuliza sura yake: ana mwanya.

"Bomba ikianza kazi, nani anakufa njaa?" Abwola akauliza hadhira.

"Oduor!"

"Na nani anakula moyo ya mpimaji?"

"Oduor!"

Mapande mawili ya watu, yaliyopata kulinda benki, yakamkamata kijana huku na huku.

"Aki mimi nimefanya nini sasa?" Oduor akalalamika. "Mi nimeleta maji tu! Nyinyi wenyewe si mmekunywa? Mwenyekiti mwenyewe amekunywa sita!"

"Ulimwambia huyu msichana aharibie sisi bomba," Abwola akamjibu.

"Sijamwambia kitu! Acayo, waambie!"

"Oduor hana makosa!" Acayo akalia. "Muacheni!"

"Basi sema ni nani."

Acayo akauma mdomo. Machozi yakamjaa. Upande huu baba, upande huu mchumba, na katikati bomba ambalo mtu yeyote angeweza kulifungua na kunywa. Aliwachukia wote kwa dakika ile, pamoja na bomba.

"Peleka yeye kituo," akaamuru Afande Odyek, akijikamua tai.

"Ngoja!"

Sauti ile ilitoka mstari wa mbele. Mzee Ojera alikuwa amesimama. Akapiga hatua tatu, akagonga visigino, akapiga saluti.

"Afande, mtu ambaye mnatafuta ni mimi."

"Ojera, kaa chini, joto imekupata."

"Hapana, Afande. Mimi niliosha chupa ya huyu mtoto. Nimeona vile uso wake uligeuka nilipomwambia. Ile unga ilikuwa na kazi. Si ndiyo, mwanangu?"

Acayo akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Umeona. Mimi nilifikiri ni uchafu, kumbe ni dawa. Kosa ni yangu. Huyu Mkenya..." Mzee akamtazama Oduor kutoka nywele hadi viatu, na viatu havikumpendeza. "Huyu Mkenya mimi simpendi. Hata Mungu anajua, nimemwambia mara nyingi. Lakini mtu asifungwe kwa kosa yangu. Mwacheni."

Akafungua pini ya medali yake ya utumishi mwema, ile anayoing'arisha kila Jumapili, akaiweka juu ya daftari la Abwola.

Acayo alimkimbilia baba yake, akamshika mkono kwa mikono miwili, na akalia bila kujificha. Hajapata kumpenda kama alivyompenda pale.

Oduor akaachiliwa. Naye, nimtendee haki, alikuwa ameinamisha kichwa na hakuwa anacheka.

Ungedhani mambo yamekwisha. Humjui Afande Odyek.

"Kumbe!" akasema, uso umemchangamka. "Kumbe ni kipimo tu iliharibika! Maji yenyewe hakuna mtu amesema ni mbaya. Labda ni mazuri! Lete bilauri ingine!"

"Kweli!" wakaitikia wenye kiu ya hotuba.

"Afande, usithubutu!" Acayo akapangusa macho, na sasa alikuwa mtu wa kazi. Akafungua sanduku lake chini ya kiti, akatoa neli mbili za kioo na vidonge viwili. "Nipe dakika tano. Hii haioni wadudu, lakini inaniambia kama dawa ya klorini bado iko ndani ya maji. Ikiwapo, inageuka pinki. Mtu aende achote pale kwenye kioski ya maji ya barabarani, pale bomba yetu inaanzia. Nyingine nachota hapa."

Mstaafu mmoja akatoka mbio, kwa kadiri magoti ya mstaafu yanavyoruhusu. Akarudi anahema, kikombe mkononi.

Acayo akatia kidonge katika maji ya kioski. Akatikisa. Yakawa pinki, pinki nzuri ya kanga mpya.

Akatia kidonge katika maji ya ua. Akatikisa. Akatikisa tena. Watu wakanyoosha shingo. Maji yakabaki meupe.

"Haleluya!" Afande Odyek akapiga makofi. "Mmeona? Yetu ni safi, haina hata rangi! Ile ya barabara ndiyo imechafuka!"

Shangwe. Vigelegele. Kasisi akaamka.

"Afande," Acayo akasema, "isiyo na rangi ndiyo mbaya."

Vigelegele vikakatika.

"Jumanne nilipopima, yetu ilikuwa na pinki kidogo. Jana mvua imenyesha, leo hakuna kitu. Maji yanatoka barabarani na dawa yake, yakifika hapa dawa imekwisha. Kuna uchafu mahali unaila."

"Mahali wapi?"

"Kati ya barabara na hapa."

"Mita ngapi?" Abwola akauliza, na macho yake yakaanza kumeta.

"Kama sitini."

"Sikiliza nyinyi wote!" Abwola akapandisha sauti. "Mtuhumiwa iko ndani ya mita sitini, na hawezi kukimbia. Leta majembe!"

Hapo ndipo mtu mmoja aliyevaa tai ya kijani alianza kurudi nyuma kuelekea geti, taratibu, kama aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Alikuwa Tarcisio, fundi aliyelilaza bomba. Alikuja leo kupewa shukrani.

"Tarcisio!"

"Wangi, nnyabo," akaitika, yaani naam, mama.

"Hii bomba ulipitisha wapi?"

"Mimi nirifuata njia fupi, nnyabo. Ile njia ndefu iko na mawe."

"Njia fupi ni ipi?"

Tarcisio akainua kidole. Kidole kikapita jiko, kikapita kamba za nguo, kikasimama nyuma ya nyumba namba moja. Nyumba ya Afande Odyek. Na nyuma ya nyumba namba moja, msomaji, kuna choo. Choo kipya cha kuvuta maji, vigae vya buluu, ambacho Afande alikizindua mwezi wa tatu kwa utepe na hotuba ya dakika arobaini.

Wakachimba. Wastaafu wanane, makoti yamevuliwa, wakafungua mtaro mbele ya mlango wa choo. Futi moja, matope. Futi mbili, harufu. Kasisi akaondoka kwenda kuombea jambo jingine.

"Nimegonga kitu!"

Lilikuwa bomba. Halikupita karibu na mfereji wa maji machafu, la. Lilikuwa limelala ndani yake, limestarehe. Na katikati yake palikuwa na kiungo kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, kikivuja tone, tone, tone.

Acayo akachuchumaa, pua kaiziba. "Maji yakiwa na nguvu, yanavuja nje. Shida ni siku ile maji yanakatika. Bomba ikibaki tupu, hapa inavuta ndani."

"Inavuta nini?" Afande Odyek akauliza.

Acayo akautazama mfereji. Watu wote wakautazama mfereji, wakaufuata kwa macho hadi ulipoanzia, kwenye vigae vya buluu. Kisha polepole, kwa heshima zote, wakamtazama mwenyekiti.

"Yaani mimi," akasema Afande, "ile bilauri... nilikuwa karibu kunywa..."

"Ndiyo, Afande."

"Yangu mwenyewe?"

"Ya nyumba yako yote, Afande. Na wageni."

Mtu akacheka, akajidai anakohoa. Kikohozi kile kikaambukiza ua mzima. Hata Mzee Ojera, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa mtu aliyekwisha, midomo ilimcheza. Acayo alipumua. Maji mabaya yamekamatwa kabla hayajanywewa na mtu, baba ameungama, mchumba yuko huru. Akamtafuta Oduor kwa macho, amtabasamie.

Oduor hakuwa anacheka. Oduor alikuwa anakitazama kile kiungo, na rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Kuna kitu sipendi," akasema Abwola. Alikuwa ameingia mtaroni na glavu zake. "Bomba yote ilikuwa nzima, mpya. Kwa nini hapa mtu alikata? Kiungo ni ya kazi gani?"

Akafuta matope. Kiungo kile kilikuwa na midomo mitatu. Mdomo mmoja ulitoka barabarani, wa pili ulikwenda uani. Na wa tatu? Kutoka mdomo wa tatu kilitoka kibomba chembamba cheusi, kikapenya chini ya ukuta wa ua.

Abwola akatoka shimoni, akapanda tofali, akachungulia upande wa pili.

Upande wa pili palikuwa na duka la buluu. Juu ya duka kibao kilisema: MAJI SAFI YA ODUOR, YAMECHUJWA MARA TATU.

Acayo alisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua. Akasikia moyo wake ukivunjika, na hasira ikaja nyuma yake mara moja.

"Oduor."

"Acayo, hebu tuongee kando, mimi na wewe."

"Tuongee hapa."

"Hiyo line ilikuwa ya muda tu! Kabla nipate yangu. Hii bomba yenu ilikuwa imekaa tu na maji wiki tatu, inangoja sherehe, hakuna mtu anaitumia. Nikamwambia huyu fundi anipe kidogo."

"Arisema ni ya muda," Tarcisio akaunga mkono. "Na mimi nirifunga vizuri, na mpira."

"Nyamaza, Tarcisio!" wakasema wote wawili.

"Nyinyi ndio mlikata bomba," Acayo akasema, "ndani ya mfereji wa choo. Mlango ya uchafu mliufungua nyinyi."

"Lakini mimi nachuja! Kuna filta, Acayo, wewe si uliiona?"

"Niliona mwaka jana. Umebadilisha lini?"

Oduor akatazama viatu vyake.

"Oduor, umebadilisha lini?"

"Nilikuwa nabadilisha mwezi huu."

Mzee Ojera alikuwa amesimama kando ya meza ambapo medali yake ililala juu ya daftari. Alimtazama kijana yule kwa muda mrefu.

"Mimi nilitoa medali," akasema, karibu kwa mnong'ono, "kwa sababu ya hii?"

Acayo akafungua mkoba wake. Sanduku la maabara huchukua chupa kumi na mbili, na zote kumi na mbili baba alizisuuza. Lakini ya kumi na tatu haikuenea sandukuni, kwa hiyo ilikuwa imekaa siku zote hizi humu, kati ya kitana na kitabu cha sala. Karatasi ya foili ya maabara bado ilikuwa juu ya kifuniko. Akaiinua kwenye mwanga. Unga mweupe ulikuwepo.

Chupa moja ya kweli Kyebando nzima. Akaenda nayo moja kwa moja kwenye meza ya vinywaji, kwenye mtungi wa Oduor. Akatoa kiberiti, akaupitishia moto mdomo wa koki kidogo, kuua wadudu wa nje, kama alivyofundishwa.

Oduor akamshika mkono.

"Acayo, tafadhali. Ukijaza hiyo chupa, mimi nimeisha. Wazee wangu wanakuja mwezi ujao. Mi nakupenda."

"Mimi pia nakupenda," Acayo akasema, na ilikuwa kweli, na iliuma. "Toa mkono."

Akajaza. Akafunga. Akaandika kwenye kibandiko mahali, siku na saa, kisha akatia sahihi yake kwa herufi kubwa. Akaiweka chupa ndani ya kiboksi chake cha barafu, juu ya meza.

Afande Odyek alikuwa amekunja uso. "Mimi sielewi. Bomba tumeikamata, hakuna mtu alikunywa. Kwa nini unapima hiyo ingine?"

Acayo akaitazama bilauri nyingine tupu iliyokuwa mbele ya mwenyekiti. Mwenyekiti akaitazama pia. Mtu mmoja akatazama kikombe alichoshika. Wa pili akatazama chake. Ua wote ukatazama mikono yake.

Tangu saa tatu asubuhi, kwa joto lile, walikuwa wanakunywa nini?

"Mimi nilikunywa sita," akasema Afande Odyek, sauti imepungua.

"Mimi nne," akasema Mzee Ojera.

Acayo akahesabu zake kimoyomoyo. Mbili, na juisi.

"Hiyo kipimo inachukua muda gani?" Afande akauliza.

"Saa ishirini na nne, Afande."

"Na tumbo?"

"Tumbo inategemea. Kuna uchafu wa siku tatu, kuna wa saa chache."

"Saa chache ni ngapi?"

Afande hakungoja jibu. Sura yake ilibadilika kama ya mtu anayesikiliza redio ya mbali. Akainuka. Akaanza kutembea kwa hadhi, kisha kwa haraka, kisha hadhi akaiacha njiani. Alielekea nyuma ya nyumba namba moja, kwenye vigae vya buluu.

Mbele ya mlango kulikuwa na mtaro wa futi mbili. Mbele ya mtaro kulikuwa na kamba ya nguo. Mbele ya kamba alisimama Abwola.

"Hakuna kupita, Afande. Hapa ni mahali pa tukio."

"Abwola! Fungua!"

"Ushahidi usiguswe mpaka kila kitu iandikwe. Wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha."

"Abwola, naamuru!"

Lakini mtu wa pili naye alikuwa ameinuka, na wa tatu, na walinzi wa benki kwa pamoja, na mlinzi wa geti akaliacha geti. Sijui kama ni wadudu au ni hofu, na matumbo hayakuwa na muda wa kutofautisha. Ua mzima ulitawanyika kutafuta vyoo vya majirani, makoti mkononi, na filimbi zikilia tena, safari hii kuomba njia.

Acayo akageuka kwenye meza ya vinywaji.

Mitungi ilikuwepo. Kiboksi cha barafu hakikuwepo. Oduor hakuwepo. Geti lilikuwa wazi, na mtu mrefu alikuwa anapanda mbio njia ya mlimani.

"Baba!" akapiga kelele. "Amechukua chupa! Ile moja tu!"

Mtu mmoja tu hakuwa amekimbia. Mzee Ojera alikuwa ameinama, mkono mmoja umelishika tumbo, mwingine unakaza kamba za viatu vyake vinavyong'aa. Jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Alikwenda upande gani?"

"Juu, njia ya mlimani. Baba, hapana! Tumbo yako!"

"Tumbo itangoja amri," akasema Mzee Ojera.

Akaichukua medali kutoka juu ya daftari, akaitia mfukoni, akatoka getini mbio. Bilauri nne tumboni, mlima mzima wa Kyebando mbele yake, na juu kule Oduor alikuwa tayari ameshaanza kukifungua kifuniko cha ile chupa, aimwage.